Je, Wajua? Mikanda, Makonde na Mapambano Yaliyokwepwa

Je, wajua kwamba Idi Amin alitaka vita vya Kagera viamuliwe ulingoni? Ni kweli kabisa! Novemba 1978, wanajeshi wa Uganda wakiwa wameshaivamia Tanzania, Amin alitangaza kwamba yuko tayari kupigana ngumi na Mwalimu Nyerere, wao wawili tu, askari wakae pembeni. Refa naye alikuwa amekwisha kumchagua: Muhammad Ali!

Usicheke bado. Ili Mwalimu asionewe, Amin aliahidi kupigana mkono mmoja umefungwa mgongoni na miguuni amening'inizwa vyuma vizito. Mwalimu hakutafuta glavu. Alituma jeshi, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Na wajua kwamba huyo Amin hakuwa akibwabwaja tu? Alikuwa bondia wa kweli, bingwa wa Uganda tangu 1951 hadi 1960, uzani ulio ngazi moja chini ya ule mzito wakati huo. Alikuwa na urefu wa mita 1.93. Mpinzani aliyemtaka alikuwa mwalimu mwembamba aliyekuwa akitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili!

Je, wajua kwamba "refa" huyo baadaye alitua Dar es Salaam? Februari 1980, Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Ali Afrika azishawishi nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Nyerere alikataa hata kumwona! Watanzania wakaenda Moscow, wakarudi na medali 2 za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Mpaka leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki.

Kenya ilisusia. Mabondia wetu wakabaki nyumbani kwa mara ya 2 mfululizo, maana hata Montreal 1976 hatukushiriki. Hesabu mwenyewe ni makonde mangapi yalipotelea hapo.

Haya, turudi nyuma kidogo. Je, wajua kwamba lile pambano la Kinshasa, Ali na George Foreman, lilipigwa saa 10 alfajiri? Lilikuwa tarehe 30 Oktoba 1974, na saa hiyo kule ni saa 12 asubuhi hapa Voi, jua ndiyo linachungulia. Lilipangwa usiku wa manane namna hiyo ili Wamarekani walitazame jioni, baada ya chakula! Mashabiki wapatao 60,000 walikesha uwanjani.

Na wajua kwamba nusura lisifanyike? Lilikuwa lipigwe Septemba 25, lakini Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini, likasogezwa wiki 5. Tamasha la muziki lililoandaliwa kulipamba halikusubiri mtu: James Brown na Miriam Makeba wakapanda jukwaani, wakaimba, na mabondia bado wako kambini.

Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano yote 40, na 37 kati ya hayo wapinzani hawakuifikia kengele ya mwisho. Ali alikuwa na miaka 32 na wengi walimhurumia. Raundi ya 8, Foreman chini! Muda mfupi baadaye mvua ikashuka, uwanja ukageuka dimbwi.

Ngoja, Foreman bado hajaisha. Miaka 20 baadaye, Novemba 1994, alipanda ulingoni Las Vegas akiwa na miaka 45 amevaa kaptura nyekundu ileile ya Kinshasa. Akamlaza Michael Moorer raundi ya 10 na kuwa bingwa mzee kuliko wote katika uzani mzito. Mwenzangu, una nguo gani ya miaka 20 inayokutosha?

Sasa tuje kwenye mikanda, kwani hapo ndipo watu hubishana stendi mpaka basi la Mombasa linawaacha. Je, wajua kwamba dunia inaweza kuwa na "mabingwa wa dunia" 4 wa uzani mmoja kwa wakati mmoja? Mashirika makubwa ni 4, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila moja lina mkanda wake. WBA ilizidi hapo: iliwahi kuwa na bingwa mkuu na bingwa "wa kawaida" wa uzani mzito kwa pamoja! Bingwa wa dunia wa kawaida, jamani.

Tena mkanda haukai kiunoni bure. Bondia hukatwa hadi asilimia 3 ya malipo yake kila anapoupigania, na pesa hizo huenda kwa shirika lenye mkanda. Mwenye mikanda 4 ana wadai 4 mlangoni!

Je, wajua kwamba mkanda wa ubingwa wa dunia uliwahi kutupwa kwenye pipa la taka? Desemba 14, 1992, jijini London, Riddick Bowe alisimama mbele ya waandishi wa habari na kamera zao. Akauchukua mkanda wa kijani wa WBC, akautumbukiza pipani kama ganda la ndizi. Shirika lilikuwa limemtaka apigane na Lennox Lewis, naye hakutaka. Lewis akatangazwa bingwa bila kurusha ngumi hata moja siku hiyo!

Na kwa nini Bowe amkwepe Lewis? Hapa ndipo pananoga. Walikuwa wamekutana fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Lewis akiichezea Kanada, na refa akalisimamisha pambano raundi ya 2, Bowe hoi. Katika ngumi za kulipwa hawakukutana kamwe. Mimi pambano hilo nalililia kuliko mengine yote.

Ukitaja Seoul, simama kidogo. Je, wajua kwamba kwenye ulingo wa Olimpiki hiyohiyo Mkenya alitwaa dhahabu? Robert Wangila Napunyi alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya 2 kwenye fainali. Medali zote nyingine za dhahabu ambazo Kenya imewahi kupata kwenye Olimpiki zimetoka kwenye riadha. Zote! Ya ngumi ni hiyo moja tu, ya Wangila. Alifariki Julai 1994 Las Vegas, siku chache baada ya kuumia ulingoni, akiwa na miaka 26.

Je, wajua kwamba Mkenya aliwahi kutajwa bondia bora wa Olimpiki nzima akiwa na medali ya shaba? Ni Philip Waruinge, Mexico 1968. Waliochukua dhahabu wote walipitwa na mtu wa nafasi ya tatu! Miaka 4 baadaye, Munich, akaongeza fedha.

Na mkanda wa WBC, ule ule wa rangi ya pipani? Fatuma Zarika aliufuata Michigan, Marekani, Oktoba 2016, akampokonya Alicia Ashley na kuwa Mkenya wa kwanza kuurudisha nyumbani. Desemba 2017 akautetea hapa hapa Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Huyo hakukwepa!

Je, wajua kwamba yupo bingwa wa dunia wa uzani mzito ambaye hakushinda hata pambano moja la ubingwa? Ken Norton! Mwaka 1978 Leon Spinks alimshinda Ali, kisha akachagua kurudiana naye badala ya kumkabili Norton. WBC ikamvua Spinks mkanda na kumpa Norton kwa sababu ya ushindi wake wa mwaka uliotangulia. Pambano la kwanza kuutetea, Juni 1978, Larry Holmes akamnyang'anya.

Spinks mwenyewe ni kichekesho kingine. Alipomshinda Ali lilikuwa pambano lake la 8 tu la kulipwa! Kuna watu huchukua muda mrefu zaidi ya hapo kujifunza kuendesha boda.

Je, wajua kwamba Tyson Fury alipoteza mkanda bila kupigwa, hata wiki 2 hazijaisha? Alimshinda Wladimir Klitschko Novemba 28, 2015, na mapema Desemba IBF ikamvua kwa kuwa alikuwa amekubali marudiano badala ya mpinzani waliyempangia. Mkanda ukaenda kwa Charles Martin, Januari 2016, mpinzani wake alipoumia goti katikati ya pambano. Aprili, Anthony Joshua akamlaza Martin raundi ya 2 na kuondoka nao.

Basi hata Oleksandr Usyk! Mei 2024 kule Riyadh alimshinda Fury na kuwa wa kwanza kuikusanya mikanda yote 4 ya uzani mzito. Miezi 2 haikuisha, wa IBF ukamtoka mkononi.

Unadhani kununua amani ulingoni ni jambo la siri? Je, wajua kwamba Lennox Lewis alilipwa dola milioni 4 ili asipigane? Ilikuwa 1996: alikuwa na haki ya kumkabili Mike Tyson, akapewa fedha hizo akae pembeni Tyson apigane na Bruce Seldon kwanza. Ukipata kazi ya namna hiyo, nipigie simu.

Lakini kuna kukwepa kwingine, na huko hakuchekeshi. John L. Sullivan, bingwa wa karne ya 19, alikataa waziwazi kupigana na watu weusi. Jack Johnson ilibidi amfukuze bingwa Tommy Burns mpaka Sydney, Australia. Walikutana Desemba 26, 1908, Burns akalipwa dola 30,000, Johnson dola 5,000, na raundi ya 14 polisi wakaingilia kumwokoa Burns! Huyo Burns, kwa taarifa yako, ndiye bingwa mfupi kuliko wote wa uzani mzito: mita 1.70. Mrefu kuliko wote ni Nikolai Valuev wa Urusi, mita 2.13.

Je, wajua kwamba Johnson naye, akishapata taji, hakumpa Sam Langford nafasi? Walikuwa wamepigana 1906, Johnson akashinda, na baada ya hapo Langford akangoja weee. Wakubwa walipomfungia mlango, yeye na Harry Wills, mweusi mwenzake aliyekwepwa vivyo hivyo, walipigana wao kwa wao zaidi ya mara 15! Harry Wills alikuja kusaini mkataba wa kupigana na Jack Dempsey mwaka 1925. Pambano halikufanyika. Ukiniuliza mimi, Langford ndiye bingwa bora ambaye hakuwahi kuvaa mkanda wa dunia, na niko tayari kubishana na yeyote kuanzia Maungu hadi Taveta.

Kwani wajua kwamba mabingwa wazito kuliko hao wote wako hapa Taita Taveta? Ndovu dume wa Tsavo hufika tani 6. Foreman alipima kama kilo 100 Kinshasa, kwa hiyo dume mmoja ni sawa na Foreman 60!

Na hao nao wana ubingwa wao wa muda. Dume akiingia kipindi cha joto la kupandana, majimaji humchuruzika kati ya jicho na sikio mpaka shavu linaiva weusi, mkojo unamdondoka njia nzima, kichwa kiko juu. Sasa sikia maajabu: dume mdogo aliye katika hali hiyo humfukuza mkubwa asiye nayo! Mkubwa akishapata ile harufu hugeuza njia na kwenda zake, na mara nyingi hakuna hata pembe iliyogusana. Watafiti Joyce Poole na Cynthia Moss walilieleza jambo hili kwa ndovu wa Afrika mwaka 1981, hapo jirani Amboseli.

Haraka haraka, kabla chai haijapoa. Je, wajua kwamba John Mugabi wa Uganda alipata taji la dunia raundi ya 1 na kulipoteza raundi ya 1? Julai 1989, René Jacquot aliteguka kifundo cha mguu, Mugabi akawa bingwa wa WBC. Machi 1990, Terry Norris akamzima kabla kengele ya kwanza haijalia kumaliza raundi!

Karim Mandonga wa Tanzania yeye huyapa makonde yake majina kabla ya kupigana. Januari 2023 alikuja KICC Nairobi na konde aliloliita Sugunyo, akamshinda Daniel Wanyonyi. Julai mwaka huohuo Wanyonyi akalipa deni.

Na Mkongo Martin Bakole? Februari 2025 aliitwa Riyadh siku 2 tu kabla ya pambano, kwa kuwa Daniel Dubois alikuwa mgonjwa. Akapanda ndege, akapanda mizani akiwa na kilo kama 143, akapanda ulingoni dhidi ya Joseph Parker. Alianguka raundi ya 2, lakini alikuja! Kaka yake, Ilunga Makabu, aliwahi kushika mkanda wa WBC wa uzani ulio chini ya ule mzito.

Ukitaja ndugu, basi sikia hili. Je, wajua kwamba Julai 2011 mikanda yote 4 mikubwa ya uzani mzito ilikuwa ya familia moja? Wladimir Klitschko alikuwa na 3, kaka yake Vitali alikuwa na 1. Dunia nzima ilitaka kumjua bingwa mmoja, mapromota wangelipa chochote, na pambano halikufanyika kwa sababu walikuwa wamemwahidi mama yao kwamba hawatapigana kamwe. Vitali ni meya wa Kyiv tangu 2014 na Wladimir ametundika glavu, kwa hiyo usingoje tiketi.