Usivuke mpaka kabla ya majibu ya makohozi

Isebania ni mji wa wapita njia. Dereva wa lori hulala hapa usiku mmoja tu, mchuuzi wa mahindi huvuka Sirare asubuhi na kurudi jioni, na mchimba dhahabu wa Macalder hupitia hapa akielekea Tarime. Kwetu sisi madaktari, mji wa namna hii una shida yake: mgonjwa unayemwona leo, kesho huenda yuko Mwanza.

Kwa ugonjwa wa kifua kikuu (TB), shida hiyo ilikuwa kubwa zaidi zamani. Mgonjwa aliambiwa ateme makohozi leo, alete mengine ya alfajiri kesho, kisha angoje majibu. Aliyekuwa na safari hakurudi. Alipanda basi na kikohozi chake, madirisha yamefungwa, akawagawia abiria wenzake.

Chombo kilichotumika wakati huo ni hadubini. Robert Koch alitangaza mjini Berlin mnamo Machi 24, 1882, kwamba amegundua kiini cha TB, na kwa zaidi ya miaka mia moja njia yetu haikubadilika sana. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, huoshwa kwa asidi, halafu hutiwa rangi ya buluu. Kiini cha TB hukataa kuachia ule wekundu, kwa hiyo huonekana kama kijiti chekundu. Ni kazi nzuri, na mafundi wetu wa maabara waliifanya kwa macho yaliyochoka. Lakini ili hadubini ione kitu, ni lazima mililita moja ya makohozi iwe na viini kama 5,000 hadi 10,000. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI mara nyingi hana viini vingi hivyo katika makohozi yake, ingawa TB inammaliza. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako UKIMWI umeathiri familia nyingi, unaweza kukisia ni wangapi walioambiwa hawana TB, wakarudi nyumbani nayo.

Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha mashine iitwayo GeneXpert. Hii haitafuti kijiti chekundu. Hutafuta chembechembe za urithi za kiini chenyewe, na kuzizidisha mara nyingi mpaka zitambulike. Ufundi wa kuzidisha namna hiyo ndio huo uliotumika kupima Covid-19. Utakumbuka Mei 2020, Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, madereva wakatakiwa wapimwe kabla ya kuingia.

Makohozi huchanganywa na dawa, huachwa dakika 15, hutiwa katika katriji ya plastiki, na mashine hufanya yaliyosalia. Majibu hutoka kwa muda usiofika saa mbili. Tena huonyesha TB hata pale viini ni vichache mno kwa hadubini, na huonyesha kama viini hivyo vimezoea rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Hapo awali, kujua jambo hilo kulihitaji kuotesha viini maabara kwa wiki kadhaa, huku mgonjwa akimeza dawa zisizomfaa. Ukiona herufi RR kwenye karatasi yako ya majibu, maana yake ndiyo hiyo, na dawa utakazopewa ni tofauti na za jirani yako. Usiazime zake.

Lakini usidhani hadubini imetupwa. Mashine hii huona hata mabaki ya viini vilivyokufa. Ukiitumia kumpima mtu aliye katikati ya matibabu, inaweza kusema TB ipo wakati dawa zimeshaiua. Kwa hiyo wanaofuatiliwa wakiwa kwenye dawa bado hupimwa kwa hadubini. Na ikiwa umewahi kutibiwa TB, mwambie daktari kabla ya kutoa makohozi, hata kama unaona haya.

Kisha kuna umeme. Mashine hii haipendi stima inayopotea na kurudi, wala joto la kando ya ziwa. Wala haipo katika kila zahanati; makohozi mengi husafirishwa hadi hospitali yenye mashine, na hapo zile saa mbili huweza kugeuka siku nzima au zaidi. Uliza mapema majibu yatafika lini, na uache nambari ya simu inayopatikana. Kama laini yako hufa ukivuka Sirare, acha na ya ndugu yako.

Mate hayapimiki. Sukutua kinywa kwa maji, vuta pumzi nzito mara mbili tatu, kohoa kutoka kifuani, uteme kile kizito. Fanya hivyo nje, mbali na watu. Mtoto mdogo humeza makohozi yake, kwa hiyo kwake WHO imekubali choo kipimwe kwa mashine hiyo hiyo.

Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Iwapo ni lazima usafiri katikati ya miezi hiyo, mwambie mhudumu kabla ya kuondoka akuandikie barua ya uhamisho, uipeleke kliniki ya TB ya huko uendako.