KOMPAILA INAPOGOMA

Programu nyingi za kompyuta zenye Linux huletwa zikiwa tayari. Lakini draiva za baadhi ya kadi za intaneti bila waya huletwa katika maandishi ya mtunzi tu, nasi hatuna budi kuzijenga wenyewe. Bila draiva kadi haifanyi kazi, na darasa zima hukosa intaneti.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Ni kwa uwazi kama huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kushiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Kazi ya kujenga hufanywa na kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa amri ambazo mashine huzifahamu. Nayo huhitaji heda. Heda ni nini? Tuchukue mfano wa seremala. Yeye aweza kutengeneza mlango karakanani bila kuiona nyumba, mradi amepewa vipimo vya fremu. Heda ndizo vipimo. Keneli, iliyo moyo wa Linux, ndiyo nyumba. Vipimo visipokuwapo, kazi haianzi. Vikiwa vya nyumba ya jirani, mlango hautaingia.

Basi, kompaila ikigoma yafaa kufuata taratibu hizi.

Kwanza, soma kosa la juu kabisa, si la mwisho. Heda moja ikikosekana, makosa mengi yaweza kufuata, nayo yote ni watoto wa lile la kwanza.

Pili, ukiona "gcc: command not found", kompaila yenyewe haipo. Katika Ubuntu na Debian, weka kifurushi kiitwacho build-essential. Hicho huleta pia heda za lugha ya C, mathalan stdio.h.

Tatu, ukiambiwa kwamba /lib/modules/…/build haipo, zinazokosekana ni heda za keneli. Andika uname -r, nawe utaona namba ya keneli inayofanya kazi, mathalan 6.8.0-45-generic. Kifurushi unachohitaji ni linux-headers- kikifuatiwa na namba hiyo hiyo. Ikiwa keneli mpya imewekwa karibuni, zima kompyuta na kuiwasha upya kwanza, maana mpaka hapo ile ya zamani ndiyo inayotumika.

Nne, heda zikiwapo na bado ukaona "implicit declaration of function", huenda draiva ni ya zamani kuliko keneli. Tafuta toleo jipya la draiva. Kuweka heda tena hakutasaidia.

Hapa Kisesa jambo la tatu lina gharama. Kompyuta isiyo na intaneti yaweza kuletewa vifurushi kwa flashi kutoka Mwanza mjini. Namba ya keneli na iandikwe karatasini kabla ya kupanda daladala, nayo iwe ya kompyuta ya shule. Atakayeandika uname -r mjini atapata namba ya kompyuta ya mjini, na atarudi na vipimo vya nyumba ya jirani. Avichukue pia vifurushi vingine ambavyo hicho hutegemea. Tarakimu moja ikikosewa, nauli imekwenda bure, na darasa litangoja safari nyingine.