Mlima hauli pesa, njia ndiyo inayokula

Kila kipupwe kinapoingia na joto la Dar es Salaam kulegea, mimi na mke wangu huketi barazani na daftari moja. Hamu zetu ni tatu: kupanda mlima, kusafiri, na kumaliza kazi za uani. Mfuko ni mmoja. Zamani tulikuwa tukianza na kiingilio cha hifadhi. Safari hii mke wangu akauliza, "Mwenzangu, kufika huko mlimani kwenyewe ni shilingi ngapi?" Tukaanza hesabu upya.

Treni au gari?

Tuchukue Morogoro. Treni ya SGR ilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilitangazwa kuwa shilingi 13,000. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 52,000. Kwa gari ni kama kilomita 390 kwenda na kurudi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 39, na tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, hiyo ni 117,000, kabla hujagusa oili wala tairi.

Kwa wawili, treni inashinda kwa shilingi 65,000. Wakiwa watu wazima wanne, treni inafika 104,000 na tofauti inakuwa ndogo. Wakiwa watano, 130,000: hapo gari ndilo nafuu. Kumbuka pia kwamba stesheni ya SGR iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji. Bei ya mafuta nayo hubadilika. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, basi weka bei ya siku yako katika hesabu hiyo hiyo.

Mlima upi?

Uluguru ndio wa bei nafuu kwa anayetoka Dar. Unashuka Morogoro, unatafuta mwongozo na kuulizia ada, kisha unapanda kwa miguu hadi Morningside, kwenye jengo la zamani la Wajerumani. Nusu siku inatosha, na anayewahi treni ya asubuhi anaweza asilipie hata usiku mmoja wa kulala.

Udzungwa ni hatua ya pili. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa takriban mita 170, yanastahili jasho lake, na ukibahatika utawaona mbega wekundu. Lakini Mang'ula, penye lango la hifadhi, iko kama kilomita 370 kutoka Dar na SGR haifiki huko. Kwa gari lile lile mafuta ya kwenda na kurudi ni kama 222,000, tena lazima ulale. Faida yake ni kwamba barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na anayepita tu halipi kiingilio kwa kuwatazama swala na twiga dirishani.

Kilimanjaro, mita 5,895, ni hesabu nyingine kabisa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo sana kuliko mgeni wa nje, na ndiyo inayotudanganya. Njia ya Marangu huchukua siku tano au zaidi, na kila siku inazidisha mwongozo, wapagazi, chakula na malazi. Asiye na mfuko huo apande siku moja tu kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, kisha ashuke. Hata hivyo mafuta ya Dar hadi Moshi na kurudi yanakaribia 330,000.

Uani

Huku nako njia inakula. Tofali, mchanga na mabati vikiletwa kidogo kidogo, kirikuu kitakulipisha kila tripu. Andika mahitaji yote, agiza mara moja.

Kati ya banda la kuku, matuta ya mboga na kuvuna maji ya paa, sisi tumechagua maji kwanza. Kuku wanakunywa kila siku, na mchicha bila maji ni majani makavu. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 600. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 480. Mvua mbili za namna hiyo zinakaribia kujaza tanki la lita 1,000. Kiangazi ndicho wakati wa kufunga gata, fundi akiwa juu ya bati kavu, kabla ya vuli ya Oktoba.

Kwa wawili kama sisi, basi: treni, Uluguru, na kurudi siku hiyo hiyo. Zile 65,000 za mafuta tumeziandika ukurasa wa gata.