Shahada ya Udaktari kutoka Ughaibuni: Njia ya Kuelekea Wodini

Kusomea udaktari nje ya nchi si jambo geni kwa Watanzania. Kabla ya Shule ya Tiba ya Dar es Salaam kuanzishwa mwaka 1963, kijana wa Tanganyika aliyetamani kuwa daktari alilazimika kuvuka mpaka, hasa kwenda Makerere nchini Uganda, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924. Leo vyuo vya ndani ni vingi kuliko awali, lakini nafasi zake haziwatoshi wote wenye sifa, na vijana wengi wamekwenda kusoma China. Familia hutumia akiba ya miaka mingi kwa safari hiyo. Makala haya yanaeleza kinachomfikisha mwanafunzi huyo wodini akiwa daktari salama kwa mgonjwa, na mahali ambapo safari yake inaweza kukwama.

Shahada na leseni

Jambo la kwanza linalopaswa kueleweka ni tofauti kati ya shahada na leseni. Shahada hutolewa na chuo, na huthibitisha kwamba mtu amesoma na kufaulu. Leseni hutolewa na mamlaka ya nchi ambayo daktari atafanyia kazi, na ndiyo inayompa ruhusa ya kumtibu mtu. Hakuna shahada, hata iwe ya chuo mashuhuri kiasi gani, inayobeba leseni ndani yake.

Kwa Tanzania Bara, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua shahada iliyotolewa nje, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalomsajili daktari. Zanzibar ina baraza lake. Mhitimu wa nje atarajie pia kupimwa na Baraza kwa mtihani kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Kijana anayefikiri kwamba ataanza kazi wiki moja baada ya kushuka uwanja wa ndege huishia kuvunjika moyo bure.

Darasa kwa Kiingereza, mgonjwa kwa Kichina

Vyuo kadhaa vya China vimeruhusiwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo kufundisha shahada ya udaktari kwa Kiingereza. Kwa kawaida masomo huchukua miaka 6, na mwaka wa mwisho ni wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Katika miaka ya mwanzo, ambapo mwanafunzi hujifunza anatomia, fiziolojia na sayansi ya dawa, lugha haimsumbui sana. Ugumu hujitokeza anapoingia wodini. Mhadhara ni wa Kiingereza, lakini mgonjwa aliyelala kitandani, muuguzi anayemhudumia na faili lililo miguuni pake vyote ni vya Kichina.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa shahada hiyo hutakiwa kujifunza Kichina pia, na kipimo kinachotajwa zaidi ni ngazi ya 4 ya mtihani wa Kichina wa HSK, ambayo kwa utaratibu uliozoeleka hudai msamiati wa maneno yapatayo 1,200. Maneno hayo yanatosha kununua chakula na kuuliza njia. Hayatoshi kumsikiliza bibi wa miaka 80 akieleza maumivu yanayoanzia kifuani na kupanda hadi taya. Mwanafunzi asiyeongeza bidii hubaki nyuma ya kundi, akitazama vipimo na picha huku mazungumzo ya daktari na mgonjwa yakimpita.

Hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa utambuzi wa magonjwa mengi huanzia kwenye maelezo ya mgonjwa. Kijana aliyelelewa Tanga au Mbeya hajasahau Kiswahili, lakini huenda hajawahi kukitumia kumhoji mgonjwa, naye mgonjwa wa Tanzania ana msamiati wake. Mama akisema mwanawe alishikwa na degedege usiku, daktari anapaswa kufikiria mara moja malaria kali, homa ya uti wa mgongo na kushuka kwa sukari mwilini. Mzee akisema ana kichomi, huenda ana nimonia. Mwanamke akisema linamsumbua chango, neno hilo laweza kuficha maumivu ya hedhi au uambukizo katika via vya uzazi. Na akiongeza kwamba hajaziona siku zake, daktari asiyetulia kuuliza zaidi anaweza kuipita mimba iliyotunga nje ya kizazi, hali inayoua kwa muda wa saa chache.

Magonjwa aliyoyaona na yanayomsubiri

Tofauti ya pili ni ya magonjwa yenyewe. Dawa mseto ya malaria inayotumika nchini ina asili yake China: mwanasayansi Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi wa artemisinini. Hata hivyo, Juni 2021 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha China kuwa nchi isiyo na malaria. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuhitimu katika nchi ilikogunduliwa dawa hiyo bila kumwona mtoto hata mmoja aliyepoteza fahamu kwa malaria. Ndivyo ilivyo pia kwa selimundu, ambayo ni nadra huko na ya kila siku katika wodi za watoto za Mwanza.

Upande wa pili una faida zake. Hospitali kubwa za kufundishia za China hupokea wagonjwa wengi sana, zina vifaa vya kisasa, na mwanafunzi makini hurejea na uzoefu mzuri wa picha za mionzi, upasuaji wa matundu madogo na matibabu ya kiharusi na moyo. Magonjwa haya yasiyoambukiza yanaongezeka Tanzania, na ujuzi huo una pa kutumika.

Kundi moja lilipata pigo la pekee. Mwishoni mwa Machi 2020 China ilifunga mipaka kwa sababu ya Uviko-19, na wanafunzi wengi waliokuwa nje hawakuruhusiwa kurudi hadi Agosti 2022. Walisoma kwa intaneti. Nadharia yaweza kufundishwa hivyo. Kugusa tumbo la mgonjwa na kusikia kama wengu umevimba hakuwezi. Wahitimu wa kipindi hicho wanahitaji muda zaidi wa vitendo, na kuuomba si aibu.

Mwaka wa utarajali

Pengo hilo huzibwa katika utarajali, mwaka mmoja ambao mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi katika hospitali iliyoidhinishwa, akizunguka idara kuu zikiwemo za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Daktari mtarajali aliyesoma nje anapaswa kupokewa kwa kupimwa kwanza: anajua nini, na nini hajawahi kukifanya kwa mikono yake? Wiki za mwanzo zitumike kumzoesha mwongozo wa matibabu wa taifa, ujazaji wa patografu, na namna ya kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili chake. Muuguzi mkunga mwenye uzoefu ni mwalimu bora katika hayo, na mtarajali mwenye busara humwita dada au mama kwa heshima na kumuuliza kabla ya kutenda. Kinachomhatarisha mgonjwa ni mtarajali anayeficha asichokijua, na kejeli za wodini ndizo humfundisha kuficha.

Mgonjwa naye ana haki zake. Anaweza kuuliza jina la anayemhudumia, kama ni mtarajali, na nani anamsimamia. Asipoelewa maelezo, aombe yarudiwe kwa maneno mepesi. Kuhudumiwa na mtarajali anayesimamiwa ipasavyo si kudharauliwa. Kila bingwa alipitia hatua hiyo.

Kubaki nje au kurejea

Baadhi ya wanafunzi hupanga kufanya kazi ughaibuni. Kubaki China ni vigumu, kwani mtihani wa leseni wa huko hufanywa kwa Kichina. Anayelenga Marekani hufanya mitihani ya USMLE na kupata cheti cha ECFMG, kisha hushindania nafasi ya mafunzo ya ubingwa. Wanaoingia kwa viza ya J-1 huhitaji barua ya wizara ya afya ya nchi yao, na baada ya mafunzo hutakiwa kurejea nyumbani kwa miaka 2 isipokuwa wapate msamaha. Anayelenga Uingereza, njia iliyozoeleka ni mtihani wa PLAB. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuajiri kwa makundi katika nchi hizo, ingawa daktari mmoja mmoja anaweza kuomba kazi mwenyewe. Nchi za Ghuba nazo zina mitihani yake na uhakiki wa vyeti. Kila njia hudai ada, muda na uthibitisho wa mafunzo kwa vitendo.

Kabla ya kufunga safari

Mipango ianzie mwisho. Familia iamue kwanza kijana anataka kufanya kazi wapi, kisha iulize mamlaka ya leseni ya nchi hiyo inadai nini. Ihakikishe chuo kinatambuliwa, na ipate idhini ya Tume ya Vyuo Vikuu kabla ya kulipa ada. Neno la wakala halitoshi. Mwanafunzi aanze Kichina tangu mwaka wa kwanza, na atumie likizo kujitolea katika hospitali ya nyumbani kwa ruhusa ya uongozi. Chuo kikiruhusu mwaka wa vitendo ufanyike Tanzania, aulize Baraza mapema kama utahesabiwa. Majibu yote ayapate kwa maandishi na kuyahifadhi, pamoja na kumbukumbu za kila zamu aliyofanya wodini; ndizo zitakazoulizwa siku atakapoomba usajili.