Uvuvi wa besi Naivasha: Chambo cha kijiko kilivyoshinda cha dukani

BABA alistaafu kazi ya udereva miaka miwili iliyopita. Kabla ya mwaka kuisha, meza ya sebuleni ilikuwa na mifuko miwili ya dawa: mmoja wa shinikizo la damu, mwingine wa kisukari. Daktari alimwambia apunguze chumvi na sukari, atembee kila siku, tena atafute shughuli ya kumtoa nyumbani. Chumvi na sukari alipunguza. Hayo mengine aliyakataa. Alikaa kitini kuanzia asubuhi, televisheni imewashwa bila sauti, na ukimsalimu anakujibu kwa neno moja.

Mimi huandika habari za afya. Nimeandika mara kadhaa kuhusu wazee wanaonyamaza baada ya kustaafu, na kila mara nimemaliza makala kwa kuwashauri watoto wao wazungumze nao. Mzee huyo alipokuwa baba yangu mwenyewe, sikujua nianzie wapi.

Aliyeanza ni kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka 14, tena bila kukusudia. Alikuwa akitazama kwenye simu video za Wamarekani wakivua samaki wenye midomo mipana, akauliza kwa sauti kama samaki hao wapo hapa Kenya.

"Ni besi hao," akasema Baba bila kugeuza kichwa. "Wapo Naivasha. Nilikuwa nikiwapeleka watalii kuwavua."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ndefu zaidi aliyoitoa wiki hiyo.

Ni kweli wapo. Besi mwenye mdomo mpana si mwenyeji wa maji yetu. Aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, enzi za ukoloni, ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Siku hizi nyavu za wavuvi huleta zaidi samaki wa aina nyingine, lakini besi hawajaisha, na kwa mtu mwenye fimbo na mshipi bado ndiye samaki anayesisimua kuliko wote ziwani. Akikamata chambo hupigana, huruka juu ya maji, hutikisa kichwa.

Wikendi iliyofuata tulifunga safari, sisi watatu. Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni takriban kilomita 90. Nilikuwa nimenunua chambo bandia katika duka moja jijini: kisamaki cha plastiki kilichopakwa rangi ya fedha, chenye macho na ndoana mbili za pembe tatu. Bei yake Sh2,400. Sikumwambia Baba.

Tulikodi mashua na mwenyewe. Mdogo wangu akarusha mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu chambo kikaenda kunasa kwenye migunga iliyozama maji ya ziwa yalipopanda. Mwenye mashua akakataa katakata kusogea huko, kwa maana nyuma ya miti hiyo kulikuwa na viboko wanne. Tukakata mshipi.

"Kile kilikuwa cha pesa ngapi?" Baba akauliza. Ikabidi niseme.

Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hizo ni unga wa mwezi mzima." Akageukia upande wa pili wa ziwa. Nilijua safari imekwisha kabla ya saa mbili asubuhi.

Hapo mwenye mashua akafungua mkebe wake wa majani chai. Ndani mlikuwa na kijiko cha chai kisicho na mpini, kimetobolewa huku na huku, ndoana moja ikining'inia. Akakifunga kwenye mshipi wa mdogo wangu, akamwonyesha ukingo wa mafunjo na kumwambia avute polepole, asimame, avute tena. Mrusho wa tano mshipi ukakaza. Besi aliyetoka majini alikaribia kilo moja.

"Mzee wangu, samaki hajui bei," mwenye mashua akamwambia Baba.

Baba akakishika kile kijiko, akakigeuzageuza. "Ulikikata kwa nini? Msumeno wa chuma?" Wakaongea wawili hao mpaka tulipofika ufuoni.

KWA NINI CHAMBO RAHISI HUFANYA KAZI

Besi hamfukuzi samaki mwingine mwendo mrefu. Yeye ni mviziaji. Hujificha penye kivuli, kando ya magugu, chini ya mti uliozama au gati la mashua, akingoja kiumbe kidogo kipite karibu. Kinapopita, hufungua ule mdomo wake ghafla na kukivuta ndani pamoja na maji. Anaamua kwa kufumba na kufumbua kama kilichopita ni chakula.

Anaamua kwa mambo machache: umbo, mmeremeto, na mtikisiko wa maji ambao huuhisi kwa mstari wa mishipa ya fahamu uliopita ubavuni mwake. Kijiko kinapovutwa hupepesuka na kumeremeta kama kisamaki kilichojeruhiwa. Macho yaliyochorwa kwenye chambo cha Sh2,400 na rangi zake za kupendeza humvutia zaidi mnunuzi aliyesimama dukani.

Kuna jambo jingine kuhusu Naivasha. Mwaka 1970 waliingizwa ziwani kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao pia ni Marekani, na besi wakubwa wakawafanya chakula chao kikuu. Ndiyo maana chambo cha rangi ya hudhurungi au nyekundu iliyokolea, kikiburutwa polepole chini kabisa, mara nyingi hushinda kisamaki cha fedha kinachopita juu.

VYAMBO VINNE VYA GHARAMA NDOGO

Tangu siku hiyo Baba ametengeneza vyambo vingi, na vilivyobaki kwenye mkebe wake ni vya aina nne.

Cha kwanza ni kijiko. Kata mpini, lainisha ukingo kwa tupa, toboa tundu moja kila upande. Mshipi unafungwa upande mwembamba kwa pete ndogo ya chuma, ndoana inaning'inia upande mpana. Kitupe kando ya magugu, si ndani yake, maana kitanasa.

Cha pili ni manyoya ya jogoo. Fungia manyoya machache ya shingoni kwenye ndoana yenye kizito kichwani, kaza kwa uzi wa kushonea, kisha paka gundi kidogo juu ya fundo. Kikirukarukishwa chini ya maji kinafanana na kamba anayekimbia. Manyoya tunayapata bure kila Krismasi.

Cha tatu ni mnyoo wa mpira laini. Huu hununuliwa, lakini ni wa bei ndogo, na mmoja unaweza kukatwa vipande viwili ukatumika mara mbili. Ncha ya ndoana hufichwa ndani ya mwili wa mnyoo, hivyo unapita kwenye magugu na matawi bila kunasa. Kwa anayeanza, na hasa kwa mtoto, hiki ndicho chambo ningekitaja kwanza. Kikiachwa kizame chenyewe bila kuvutwa, besi hukifuata.

Cha nne ni kipande cha patipati kuukuu. Kinachongwa kwa wembe kuwa na umbo la chura, mbele kinaachwa bapa ili kirushe maji kinapovutwa. Hiki huelea, na wakati wake ni alfajiri maji yakiwa yametulia.

Palipo pa kubana pesa ni kwenye chambo. Ndoana na mshipi usivibane. Ndoana butu humpoteza samaki, na mshipi uliochakaa hukatika pale pale unapouhitaji.

Mvuto ni wa polepole kuliko unavyodhani. Mdogo wangu alizoea kuvuta kana kwamba anafukuzwa. Baba sasa humwambia ahesabu hadi kumi chambo kikiwa kimetulia, na ninapowatazama wakihesabu pamoja kwa kunong'ona, simkumbuki tena yule mzee wa kiti cha sebuleni.

MASKINI WALIOVUA VIZURI

Nilipoanza kusoma kuhusu jambo hili, niliona kwamba hadithi zake nyingi zinaanza kwa mtu asiye na pesa. Julio Buel, Mmarekani aliyesajili haki ya chambo cha kijiko mwaka 1852, husimuliwa kwamba alipata wazo hilo alipodondosha kijiko ziwani na kuona samaki akikirukia. Huko Finland mwaka 1936, mvuvi Lauri Rapala alichonga gome kwa kisu cha fundi viatu, akalizungushia karatasi ya kung'aa ya chokoleti. Alikuwa na watoto wa kulisha, na alichotaka ni chambo kinachoyumba kama samaki mgonjwa. Leo jina lake limo katika maduka ya uvuvi duniani kote.

Aliyempendeza Baba zaidi ni George Perry. Tarehe 2 Juni 1932, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeporomoka, mkulima huyu wa miaka 20 katika jimbo la Georgia alikwenda kuvua na rafiki yake. Walikuwa na chambo kimoja tu kati yao. Kwa hicho alimtoa besi wa zaidi ya kilo 10, mkubwa kuliko wote waliowahi kurekodiwa. Ilipita miaka 77 kabla ya mtu kumfikia. Mwaka 2009 Manabu Kurita wa Japani alivua katika Ziwa Biwa samaki aliyezidi huyo kwa chini ya gramu 30, tofauti ndogo mno kisheria, hivyo rekodi ikahesabiwa kuwa ya wote wawili. Perry naye alifanya nini na samaki wake? Alimpeleka nyumbani, akapikwa, familia ikala.

"Huyo alikuwa na akili," Baba akasema.

KABLA YA KUWAPELEKA WATOTO

Kama mwandishi wa afya siwezi kumaliza bila haya machache.

Risasi. Vizito vingi vya kuvulia hutengenezwa kwa madini ya risasi, na wavuvi wengi huvibana kwenye mshipi kwa meno. Acha tabia hiyo leo, na usimruhusu mtoto aifanye. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tumia koleo, nawa mikono kabla ya kula, na usiyeyushe risasi jikoni kutengeneza vizito. Nati kuukuu ya chuma inatosha.

Ndoana. Bana kile kimwiba cha ndoana kwa koleo mpaka kilale. Samaki ataachiliwa kwa urahisi, na kidole pia. Kabla ya kurusha, kila mtu atazame nyuma yake. Ndoana ikiingia karibu na jicho usiivute. Ifunike bila kuikandamiza na uende hospitalini. Ikichoma penginepo, osha kwa sabuni na maji, na uulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda.

Viboko. Wa Naivasha wameua wavuvi, wameua na watalii. Usivue kutoka ufuoni penye nyasi ndefu, wala alfajiri au jioni bila mtu anayelijua ziwa. Chukua mashua yenye mwendeshaji mzoefu, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, hata anayejua kuogelea. Pitia pia ofisi ya uvuvi upate kibali.

Kuhusu afya ya Baba, sitadai kwamba uvuvi umemponya. Dawa zake bado anazimeza asubuhi na jioni, na kliniki tunakwenda kila tarehe inapofika. Ziwani tunaenda mara moja kwa mwezi, tukiwa na pesa za mafuta. Mara nyingine tunarudi mikono mitupu.

Lakini yale matembezi aliyoyakataa, sasa anayatembea bila kuambiwa. Kila asubuhi huondoka kwenda kwa mafundi wa jua kali kutafuta vipande vya bati, waya na pete za chuma, kisha hupita kwa muuza kuku kuchagua manyoya. Ni mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi. Akirudi huketi barazani na mdogo wangu, wakikata na kutoboa, na sauti inayosikika zaidi ni yake.

Mama peke yake ndiye mwenye malalamiko. Seti yake ya vijiko sita imebaki na viwili, na kila Jumapili jioni, kabla ya kulala, huvihesabu.