Kijana akianza kusikia sauti, msimalize mwaka mkibishana nyumbani

Mara nyingi huanza taratibu. Kijana aliyependa mpira anaacha kwenda uwanjani. Usiku halali. Kuoga mpaka aambiwe. Anacheka peke yake, na akiulizwa anasema kuna watu wanamsema, au jirani anamfuatilia kupitia redio. Baba anasema ni bangi. Mama anasema ni kijicho cha watu. Bibi anakumbuka tambiko la ukoo ambalo halijafanyika. Kwenye nyumba nyingi, kuanzia Kwedizinga hadi milimani Korogwe, mjadala wa namna hiyo unaweza kula miezi, huku mtoto akizidi kuharibika.

Hali hiyo ikidumu, hospitali inaweza kuiita skizofrenia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 23 wanaishi nayo, karibu mtu mmoja kati ya 345. Hujitokeza zaidi mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, na kwa wavulana huwahi kuliko wasichana. Ndiyo maana huwakuta wazazi pabaya: mtoto yuko kidato cha tano au chuo, ada imeshalipwa, na pengine ng'ombe aliyeilipa ameshauzwa.

Sauti anazosikia kwake ni za kweli kabisa, hivyo kumwambia "acha ujinga" hakusaidii. Wala si lazima ukubaliane naye. Mwambie tu kwamba wewe huzisikii, ila unaona zinamtesa. Lakini kinachowachanganya wazazi zaidi si sauti, ni ule ukimya: kijana hana hamu ya kitu, uso haucheki wala haununi, anashinda kitandani. Wengi huuita uvivu na kumchapa. Ni sehemu ya ugonjwa.

Kuhusu chanzo, urithi wa damu unachangia, na bangi, hasa ikianza kuvutwa utotoni, huongeza hatari. Malezi yako hayakuuleta. Mama wengi hubebeshwa lawama hiyo na wakwe.

Je, mganga? Handeni kuna waganga wanaojulikana mpaka nje ya mkoa, na sitajifanya kwamba wazazi hawataenda. Ninachosema ni kwamba hospitali itangulie. Na yeyote, awe mganga au kiongozi wa maombi, anayekutaka umwachishe mtoto dawa za hospitali, umnyime chakula au umfunge minyororo, muage uondoke. Muda unaopita bila matibabu una gharama, kwani kadiri dawa zinavyochelewa ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu kupatikana.

Anzia hospitali ya wilaya Handeni, au Magunga kwa walio karibu na Korogwe mjini. Usishangae daktari akianza kumpima malaria, VVU na sukari, au kuuliza kuhusu kifafa, maana si kila anayeweweseka ana skizofrenia. Kuchanganyikiwa kwa ghafla pamoja na homa ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ikibidi, mtapewa rufaa kwenda Bombo, Tanga, au Mirembe, Dodoma.

Tena mkoa wetu una jambo ambalo wengi hawalijui. Hospitali ya Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 inapokea wagonjwa wa akili. Leo iko chini ya KKKT. Sehemu ya tiba pale ni kazi: wagonjwa hushiriki shughuli za shamba, yakiwemo ya chai, na za karakana. Mtu anayejua kwamba kesho ana kazi inayomsubiri hupona tofauti na anayefungiwa chumba cha uani.

Dawa hupunguza sauti na hofu, ila zina maudhi: mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, usingizi, unene. Mrudishe kijana kwa daktari abadilishiwe dozi, msikate wenyewe. Anayechoka vidonge kila siku anaweza kuuliza kuhusu sindano ya takriban mara moja kwa mwezi. Na kupata nafuu si ruhusa ya kuacha. Hapo ndipo wengi huangukia tena. Gharama zikiwashinda, ombeni kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Dawa peke yake haitoshi. Dar es Salaam na Mbeya kumefanyika mradi uitwao KUPAA, ambao wagonjwa na ndugu zao walikaa pamoja kwenye vikundi kujifunza ugonjwa na kutatua matatizo ya nyumbani. Hata bila mradi, mnapokuwa kliniki zungumzeni na familia nyingine zilizo kwenye benchi. Nyumba isiyo na makelele wala masimango humsaidia mgonjwa asirudi nyuma.

Akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Ondoeni sumu za shambani ndani ya nyumba na mmpeleke hospitali. Watu wenye ugonjwa huu hujidhuru wenyewe zaidi kuliko wanavyowadhuru wengine, ingawa mtaani hadithi husimuliwa kinyume.

Wekeni pia daftari dogo la usingizi wake. Kwa wengi, kurudi kwa ugonjwa hutanguliwa na kukosa usingizi. Usiku wa pili asipolala, msingoje tarehe ya kliniki.