Jeraha la Moto Lisilouma Ndilo la Kuogopa

Chai ya moto imemmwagikia mtoto mkononi. Analia, jirani anakuja mbio na dawa ya meno, mwingine anasema paka unga. Ngoja kwanza! Kabla ya kupaka chochote, tuelewe ngozi imeungua kwa kina gani.

Ngozi ina tabaka la juu lililo jembamba, na la chini lenye neva, mishipa ya damu na mizizi ya nywele. Madaktari hupanga majeraha kwa kuangalia joto limefika wapi.

Daraja la kwanza limegusa tabaka la juu tu. Ngozi inauma na kuwa nyekundu (kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane), lakini haina malengelenge. Hupona ndani ya wiki moja hivi.

Daraja la pili limeingia tabaka la chini. Hapa ndipo penye malengelenge, majimaji na maumivu makali.

Daraja la tatu limemaliza ngozi yote. Pameungua pakawa peupe, kahawia au peusi, pakavu na pagumu. Ukipagusa, mgonjwa anasema hasikii kitu. Watu wanashukuru, kumbe neva zenyewe zimekufa! Mara nyingi jeraha hili huhitaji kupandikizwa ngozi.

Ukubwa nao una maana. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto akiungua zaidi ya asilimia 10, maji mengi huvuja kutoka kwenye damu, hivyo huhitaji dripu haraka.

Sasa ufanye nini nyumbani? Mwagia jeraha maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, na mwili uliobaki uukinge na baridi. Dawa ya meno na unga hung'ang'ania kwenye kidonda, huleta vijidudu na kumficha daktari kina chake.

Nenda hospitali kama jeraha limezidi kiganja, liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio, au limetokana na umeme au kemikali. Na akinyamaza ghafla huku ngozi imekuwa nyeupe, usiseme amepoa. Mkimbize.